Safari ya Kumwona Babu

Kibiti mtu hasafiri bure. Ukionekana unafunga begi, basi ama kuna maiti inakusubiri mahali, ama harusi, ama mganga. Ndiyo maana asubuhi ile Sufiani alipomtangazia mkewe, kati ya sahani ya vitumbua na birika la chai ya mchaichai, kwamba wiki ijayo wanakwenda mapumziko, Mwanabaraka aliweka kikombe chini akamtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Mapumziko ya nini, Baba Nasra?"

"Ya kupumzika."

"Sasa kupumzika mpaka mtu asafiri? Si tulale hapa hapa?"

Hoja ilikuwa nzito, na Sufiani hakuwa na nguvu za kuipinga. Alikuwa dereva wa malori tangu ndevu zake hazijaota vizuri. Lusaka kafika, Lubumbashi kafika, Kigali na Bukavu anazijua mpaka mashimo ya barabara zake, na kila aliporudi alirudi na hadithi mpya na mgongo uleule wa zamani. Mwaka jana mgongo ulimwambia basi. Akaacha usukani, akakaa nyumbani na kitambi chake, na hapo ndipo alipogundua jambo la aibu: mwanamke aliyemwoa miaka yote ile alikuwa akimjua kama dereva anavyoujua mji anaoupita usiku. Taa zake anazijua. Mitaa yake haijui.

Naye Mwanabaraka alikuwa hoi. Tangu Nasra yuko tumboni mpaka Nasra kaolewa Dar, alikuwa akitangulia adhana ya alfajiri kuwasha moto wa vitumbua. Kulalamika hakujua. Ila siku hizi akikaa tu, anasinzia. Siku moja Sufiani alimkuta kasinzia wima, kijiti cha kugeuzia mkononi, mafuta yanavuma mbele yake na vitumbua vimegeuka makaa. Alimshika bega, akashtuka, akasema samahani. Kumwomba samahani mumewe kwa kuchoka! Neno lile lilimkaa Sufiani kifuani kama mfupa wa samaki.

Akaikumbuka Bukavu. Kule, akiwa kwenye foleni ya forodha, alizoea kutazama Ziwa Kivu chini, milima imelizunguka, na watu wawili wawili wanapanda boti wakizungushwa tu, bila mzigo, bila kwenda popote. Alikuwa amejiapiza kwamba ipo siku atamleta mkewe. Lakini Kivu ni mbali, kwa hiyo akatafuta Kivu ya kina sisi: Ziwa Nandembo, juu kwenye vilima vya Umatumbi, ambako Swalehe, aliyekuwa utingo wake zamani, kajenga nyumba ndogo ya wageni. Swalehe alituma picha kwenye simu. Maji, milima, boti yenye kivuli cha turubai. Mwanabaraka aliitazama picha ile muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama picha yoyote, kisha akasema haya, twende.

Tabu ikaanza kwa jirani. Subira wa nyumba ya pili alikuja kuazima ungo, akaliona begi.

"Shemeji, nani kafa?"

Sufiani alifungua kinywa, lakini mkewe alimwahi. Alikuwa anaona haya. Wenzake wako mashambani na mpunga, viuno vimewakatika, yeye aseme anakwenda kupanda boti? Akasema, bila hata kupepesa, kwamba hajafa mtu, wanakwenda milimani kumwona babu.

"Kumbe babu yako bado yupo?"

"Yupo," alisema Mwanabaraka.

Sufiani alipaliwa na chai. Babu mzaa mama, mtu pekee wa milimani ambaye mkewe angeweza kumwita babu, alikuwa amekufa kabla mama mtu hajateremka kuja Kibiti. Mwanabaraka hakumwona hata kwa picha. Subira alipoondoka wakacheka mpaka wakashikana, na ilikuwa zamani hawajacheka hivyo. Basi kuanzia hapo babu akawa ndiye jibu. Mwenye duka akiuliza, babu. Ustadhi akiuliza, babu. Uongo ule ulinoga mpaka siku ya kuondoka watu walikuwa wakimtumia mzee salamu, na Subira akaleta mfuko wa mchele wa Chumbi, kaufunga vizuri kwa kamba, akasema mwambieni babu ale wali laini, wazee hawana meno.

Mwanabaraka akaupokea, akamshukuru kwa niaba yake.

Waliondoka kwa Noah kuukuu ambayo Sufiani alisema ina umri wa ndoa yao na inakohoa vilevile. Wakapita Ikwiriri, wakavuka daraja, Chumbi ikawapita, wakala mihogo ya kukaanga Mohoro, kisha wakaiacha lami na kuanza kupanda. Mwanabaraka alilala njia nzima, kichwa kinagonga kioo. Kila kona Sufiani alijaribu kumchekesha na kila kona alijibiwa na usingizi.

Picha za simu, kama ilivyo desturi yake, zilikuwa zimesema nusu ya ukweli. Bustani ilikuwa migomba miwili, na maji ya moto yalikuwa ndoo. Lakini ziwa lilikuwa ziwa. Lilikuwa limelala kati ya vilima, jeusi, limetulia kama kitu kilichomwagwa kikasahauliwa. Swalehe aliwapokea kwa furaha, akawaambia wapumzike kwanza, kesho baada ya chakula cha mchana Mudathiri, mwenye boti, atawazungusha mpaka upande wa pili kwenye maporomoko.

Wakalala. Walilala jioni ile, wakalala usiku, wakaamka kwa sala wakalala tena. Adhuhuri ndipo walipojikokota kula. Mwanabaraka alisema hakujua kwamba mifupa nayo inaweza kushukuru.

Walipoteremka ufukweni, ukungu mwembamba ulikuwa unashuka kutoka vilimani, ingawa ni mchana na jua lipo mahali fulani juu. Boti ya turubai hawakuiona. Kulikuwa na mtumbwi, na ndani ya mtumbwi mzee amekaa, upondo umelala mapajani, kofia ya ukindu kichwani. Sufiani akajisemea, Swalehe kabana matumizi. Akatoa salamu. Mzee hakuitikia. Alikuwa akimtazama Mwanabaraka.

"Umechelewa, mke wangu," akasema. "Nimesikia tangu juzi kwamba mnakuja kuniona."

Mtu wa mbali angeshangaa. Mtu wa huku hashangai. Babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, na atakayemwoa ni mwizi mpaka aombe radhi kwa maskhara, siku ya harusi, mbele za watu. Kila mzee wa pwani na bara yake humwita binti wa watu mke wangu, na hakuna anayehesabu. Tena harusi ya Sufiani ilikosa utani huo, kwa kuwa babu hakuwapo. Kwa hiyo Sufiani alifurahi. Likizo ndiyo hii sasa, mzee mcheshi, ziwa, boti. Akapanda, akampandisha mkewe, akakaa nyuma yake.

"Huyu ni mke wangu," mzee akamwambia. "Wewe umekaa naye tu."

"Kweli babu," akasema Sufiani, sauti ya barazani. "Nilikuwa nakutunzia. Mchukue. Mwenyewe kachoka, na mimi nimechoka."

Mwanabaraka alicheka kidogo, akamfinya goti. Mzee hakucheka.

"Umesema nimchukue?"

"Mchukue, babu. Mali yako."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepokea kitu kizito. Akasimama. Akasukuma.

Mtumbwi uliteleza vizuri mno. Sufiani akaegemea, akavuta pumzi, akaanza kumsimulia mkewe habari za Bukavu. Alikuwa katikati ya kituko cha askari wa forodha na jogoo aliposikia mzee akiuliza, bila kugeuka:

"Mchele wangu mmeuacha kwenye gari?"

Sufiani aliacha hadithi katikati. Akajaribu kukumbuka kama alimwambia Swalehe habari za mchele. Hakumwambia. Mfuko ulikuwa chini ya kiti cha nyuma, na Noah imefungwa. Akamtazama mkewe ampe jicho la kuulizana. Mwanabaraka hakugeuka. Alikuwa ameutoa mguu mmoja nje ya mtumbwi, wayo unagusa maji.

Ndipo Sufiani alipoangalia upondo. Mzee aliuzamisha mpaka mikono inakaribia maji, akausukuma, akauinua. Mti ulitoka mkavu. Akauzamisha. Ukatoka mkavu. Vumbi lilikuwa juu yake.

"Turudi, babu," alisema Sufiani. "Mke wangu hajisikii vizuri."

Mzee akasema kitu kwa Kimatumbi. Kilikuwa kirefu, chenye upole, kama swali. Na Mwanabaraka akajibu.

Alijibu kwa Kimatumbi. Mwanabaraka, ambaye mama yake alikataa kumfundisha ili watoto wa Kibiti wasimcheke, ambaye hakujua hata salamu. Alijibu kwa sauti nyepesi, ya mtoto anayesimulia aliyotendwa. Kisha akalia kidogo. Kisha akatulia.

"Mnasema nini?" Sufiani alinong'ona.

"Kaniuliza kama nimechoka."

"Ukamwambiaje?"

"Nimechoka."

Ukungu ulifunguka kidogo. Maporomoko hayakuwapo. Kulikuwa na ukingo wa majani mafupi, na mji. Nyumba za udongo. Moshi. Wanawake wanatwanga. Sufiani aliona michi ikipanda na kushuka, lakini mlio ulikuja baadaye, mchi ukiwa umeshainuka tena. Walipouona mtumbwi wakaacha kutwanga. Wakajipanga mstari. Hivyo hivyo watu wanavyojipanga kumpokea biharusi.

Kanga zao zilikuwa zinachuruzika maji. Chini yao ardhi ilikuwa kavu.

"Huku hakuna anayeamka alfajiri," alisema Mwanabaraka.

Wawili wakaingia ziwani. Wakaja mpaka maji yamewafika kiunoni, wakasimama kando ya mtumbwi. Nyuso zao zilikuwa za kawaida kabisa, nyuso za shangazi zako. Mmoja aliushika mguu wa Mwanabaraka, ule wa kulia, akaupakata. Mwingine alikuwa na kibakuli. Sufiani alidhani wanamwosha. Akainama aone. Walikuwa wanampaka hina.

Alitaka kusoma Ayatul Kursiy. Aya aliyoisoma kila mpaka, kila mlima, kila alipowasha injini. Ulimi ulianza, ukakwama. Akaanza tena. Ukakwama pale pale.

"Babu," akasema. "Utani umetosha."

Mzee akageuka. Kwa mara ya kwanza Sufiani akaiona pua yake. Ilikuwa ya Mwanabaraka. Na kipaji cha uso kilikuwa cha Nasra, binti yake.

"Utani ni wa watu wawili, mjukuu," alisema mzee. "Hapa aliyekuwa anatania ni wewe peke yako."

Mguu wa kulia ulikuwa umekwisha, maua kwa maua, mpaka ncha za vidole. Mwanamke mwenye kibakuli akazunguka upande wa pili. Akaugonga ubavu wa mtumbwi kwa kidole. Mwanabaraka akaanza kuinua mguu wa kushoto, taratibu, kwa hiari yake, uso umelegea kwa raha ambayo Sufiani hakuwahi kuiona juu yake. Na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Hakuvutwa. Alikuwa anakwenda kupumzika.

Sufiani alimkumbatia goti la mguu ule. Mwili wa Mwanabaraka ulikuwa baridi. Alitafuta neno la kuchekesha, kwa mazoea, kwani maisha yake yote neno la kuchekesha ndilo lililomvusha. Polisi, mabosi, wakwe, hata msiba wa mamake. Hakulipata. Akapiga magoti ndani ya mtumbwi, mgongo unapiga kelele, kitambi kinamzuia, mvi kidevuni, akaweka viganja pamoja kama kijana aliyepelekwa kwa wakwe.

"Babu, nisamehe," alisema. "Sikukuomba. Nilimwoa nawe hujaambiwa. Mimi ni Sufiani, dereva. Nimekuja kuposa."

Wanawake waliacha kusogea.

"Unaposa kitu ulichokwisha kunipa?"

"Naposa."

"Ulikuwa naye miaka yote. Ulimpeleka wapi?"

"Sikumpeleka popote," alisema Sufiani. "Nilimwacha. Nilikuwa barabarani, babu. Simjui. Niachie nimjue."

Maji yaliacha kugonga mtumbwi. Mzee alimtazama mjukuu wake, akamtazama mwanamume aliyepiga magoti, na usoni mwake kukapita kitu kama huruma, au kama uchovu.

"Basi," akasema. "Sikuozeshi. Nakuazimisha."

"Ahsante, babu. Ahsante. Nimekubali."

Sufiani huyu ndiye aliyepatana bei mipaka yote ya Afrika ya Kati, ambaye hakuwahi kupakiwa hata gunia moja bila kuuliza linashushwa wapi na lini. Hakuuliza mpaka lini.

Aliposhikwa bega alipiga ukelele. Alikuwa Mudathiri, mwenye boti, kasimama juu yake na funguo za injini mkononi, anacheka. Ukungu haukuwapo, jua lilikuwa linaelekea alasiri. Sufiani na mkewe walikuwa wamekaa ndani ya mtumbwi mkuukuu uliovutwa nchi kavu, tumbo lake limepasuka, majani yameota ndani. Mudathiri alisema aliwaona tangu baada ya chakula, wameegemeana macho yamefumba, akaona haya kuwaamsha. Watu wazima na mapenzi yao, akasema. Sufiani alimuuliza mtumbwi ule ni wa nani. Hata Swalehe, alipofika, hakujua. Aliukuta hapo siku alipokuja kupima kiwanja.

Mwanabaraka alijinyoosha, akapiga mwayo, akasema hajawahi kupata usingizi mtamu kama ule. Hakukumbuka mzee, wala mji. Alipotaka kuvaa ndala ndipo alipouona mguu wake wa kulia. Akaugeuza huku na huku. Hina ilikuwa mbichi, inanukia.

"Baba Nasra," aliuliza kwa sauti ndogo, "nani kanipamba?"

Boti hawakupanda. Walifunga begi mchana ule ule, na Swalehe akabaki anaomba radhi kwa kosa asilolijua. Garini Sufiani alipapasa chini ya kiti cha nyuma. Mfuko wa mchele ulikuwapo, umefungwa kamba vilevile, fundo la Subira halijaguswa. Ndani hamkuwa na punje.

Alikuja kunisimulia haya kibarazani kwangu, miezi imepita, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisimulia kitu asitafute mahali pa kuchekea. Vitumbua sasa anapika yeye. Vinatoka vimepinda, wateja wanamdhihaki, naye anasema ndiyo mtindo wa Lubumbashi. Anaamka kabla ya adhana ili mkewe asiamke. Mchana anakaa naye, anamuuliza mambo: alipokuwa mdogo alipenda nini, aliogopa nini, kwa nini hali papai. Mengi kayajua. Mwanabaraka kanenepa kidogo, anaimba akifua, na watu wanasema ndoa ile imerudi ujana.

Lakini hina haifutiki. Waliosha kwa ndimu, wakaosha kwa mafuta ya taa, wakaosha kwa mchanga. Hina ya kawaida hufifia wiki mbili tatu zikipita. Ile ilibaki nyekundu vilevile, na mguu wa kushoto ukabaki mweupe vilevile, na Sufiani akaanza kuupenda mguu ule wa kushoto kama mtu anavyopenda amana. Kila mkewe akijilaza baada ya sala ya adhuhuri, yeye huketi chini upande wa miguu, akautazama.

Ijumaa iliyopita aliketi kama kawaida. Mlango uko wazi, jua limejaa chumbani, nje Subira anapepeta mchele. Mwanabaraka kalala ubavu. Kwenye wayo wa kushoto, karibu na kidole kidogo, kulikuwa na ua moja. Dogo. Na kando yake kikonyo cha ua la pili, kimeanzwa, hakijamalizika.

Sufiani alichukua kitambaa, akakichovya kwenye kata ya maji, akaupeleka mkono.

Mwanabaraka hakufumbua macho. Alisema kwa Kimatumbi kwanza, kisha, kwa kuwa mumewe hakijui, akarudia kwa upole kwa Kiswahili.

"Usiguse. Bado haijakauka."